Faini Niliyolipa kwa Kosa la Shedrack

Mahongole,
S.L.P. 41,
Makambako.
21 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Aron,

Salaam katika jina la Bwana. Natumaini wewe, shemeji Ema na watoto mnaendelea vyema huko Kasulu, na kwamba jicho lako la kushoto limepata nafuu. Sisi tunaishi. Baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi majani ya viazi huwa meupe kwa sakitu. Mke wangu Esnath hana ugonjwa, ila halali.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Shedrack, mwanao niliyemlea tangu darasa la tatu. Nimekupigia simu mara saba. Kila mara shemeji hupokea na kusema umelala, hata saa nne asubuhi. Mara ya mwisho nilimsikia Shedrack akicheka nyuma yake. Kwa hiyo najua yuko kwenu. Barua hii nimempa Mchungaji Elius, anayekuja huko kwenye semina, aikabidhi mkononi mwako.

Huenda kijana amekueleza nusu ya habari. Nami nilielezwa nusu.

Tarehe 14 Mei alichukua pikapu yangu kupeleka parachichi sokoni. Askari wa usalama barabarani walimpungia mkono asimame, naye hakusimama. Waliandika namba ya gari, na hati ya kuitwa mahakamani ikaja kwa jina langu, maana kadi ya gari ni yangu. Shedrack alinipigia magoti. Alikuwa ameahidiwa kazi ya udereva kwenye mgodi wa Liganga, na waajiri hawakutaka mtu mwenye kosa la barabarani. Alisema ni jambo dogo, la faini tu. Nikajiambia kwamba mwanao ni mwanangu.

Mahakamani tulikuwa wengi kwenye benchi, wengi wao vijana wa bodaboda. Mmoja akaniambia, "Baba, we kubali tu. Ukibisha watakuzungusha mpaka Krismasi. Ukikubali, saa sita uko kwako unakunywa chai." Wakacheka, nami nikacheka. Niliposomewa shtaka nilijibu kwamba ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Aron, nimesema hivyo mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo miaka thelathini na miwili darasani. Hakimu akatoa faini ya shilingi laki mbili au kifungo cha miezi miwili. Karani akanipa namba ya malipo, nikalipa benki, nikamrudishia stakabadhi. Saa sita nilikuwa nyumbani kweli.

Sasa sikiliza alichonificha. Alipowakimbia askari, alimgonga Bertila, yule mjane anayeuza mboga kwa baiskeli, kwenye kona ya hapa kwetu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hakusimama. Wiki tatu baada ya faini, polisi walikuja kwangu, kwa kuwa mtu aliyekiri kuendesha gari lile saa ile ni mimi. Nilikana. Mpelelezi akafungua jalada, akanionyesha maneno yangu mwenyewe na sahihi yangu chini yake. Nilipomtafuta Shedrack chumbani kwake, alikuwa ameshaondoka.

Nilikwenda kumwona Bertila, amelazwa hospitali ya Ikonda. Alinitazama kichwani akasema, "Mwalimu, aliyenigonga nilimwona kisogo, kina nywele tele. Wewe huo upara umeupata lini, juzi?" Nikamwomba aseme hivyo mbele ya hakimu. Akageukia ukutani. "Na ukiachiwa wewe, huu mguu nitamdai nani? Huyo mwenye nywele yuko wapi?" Sikuweza kumlaumu.

Kesi itasikilizwa tarehe 6 Agosti. Niko nje kwa dhamana ya jirani yetu Agustino, ambaye ameweka shamba lake. Nina umri wa miaka sabini na moja, na sidhani kwamba nitatoka gerezani nikiingia. Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Tangu siku ile sijakaribia Meza ya Bwana. Jumapili mimi, mzee wa kanisa, huketi benchi la nyuma na kutoka kabla wengine hawajasimama.

Aron, nakuomba, nami sijawahi kukuomba kitu. Mlete Shedrack kabla ya tarehe hiyo. Usimfiche. Ninajua ni mwanao wa pekee wa kiume, na ninajua ninalokuomba. Aje au asije, nitasimama na kusema kwamba nilidanganya, na nitamtaja. Akiwapo, nitaaminika. Asipokuwapo, nitaonekana mzee mwoga anayemtupia mzigo mtoto aliye mbali, na Bertila atabaki bila wa kumdai.

Msalimie shemeji Ema, na umwambie sina kinyongo kuhusu simu. Wasalimie Peace na dada zake. Esnath anawasalimu wote.

Na Shedrack msomee hapa. Mwambie kitanda chake kimetandikwa. Akishuka stendi asiende polisi peke yake; aje kwanza nyumbani, ale, aoge. Asubuhi nitavaa koti langu, nimshike mkono, twende wote wawili, kila mmoja akaseme lake.

Mungu awalinde njiani, kama mtakuja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata sasa,

Efraimu