Kiti cha Rubani

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kitale hatujambo. Babu yako anapalilia mahindi akinung'unika. Unauliza, fundi mwenzangu, utamkataliaje bosi akikuamuru uruhusu ndege mbovu iruke.

Nilipoolewa, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kindege cha baba mkwe. Siku moja breki ya kushoto ikavuja mafuta, naye ati lazima aende harusi Bungoma.

"Ukitua ukakanyaga breki, itashika ya kulia tu, ikuvute mtaroni," nikamwambia.

"Si uwanja ni mrefu!" akajibu kwa mbali.

Nikapanda, nikaketi kiti chake cha rubani. Kwetu ni mwiko mkwe kumsogelea mke wa mwanawe. Akazunguka ndege akifoka mpaka harusi ikaisha.

Alininunia mwaka mzima. Na anune, bora alinuna akiwa hai.

Kalia kiti, Nekesa.

Kukhu wako