Ndala za Baba Yake Leela

Jumapili, katikati ya Novemba. Huku Uswidi giza limeingia saa kumi alasiri, na mvua nyembamba ya baridi haijakatika tangu asubuhi. Moyo ni mwepesi kuliko juzi.

Tangu Agosti mimi na Leela tunaandika haiku za kupokezana, vile vishairi vya Kijapani vya mistari mitatu. Anatunga ubeti, naudaka na kuunga wangu. Zote zinahusu mtaa wao wa Pune: maziwa yakifurika jikoni, filimbi ya sufuria ya presha, sare za shule zimeanikwa juu ya paa. Mimi sijawahi kufika India. Yeye aliishi Dar miaka kumi, ndiyo maana tunaandika Kiswahili, wakati wa mapumziko kwenye jiko la nyumba ya wazee tunakofanya kazi, Sundbyberg.

Kunakili kwenye daftari safi ni kazi yangu. Napenda mambo yanyooke.

Hapo ndipo nilipokosea.

Jumatatu alinipa ubeti huu:

*Ndala za baba nje;*
*mama anafagia,*
*anazizunguka.*

Nilihesabu silabi. Sita, saba, sita. Kanuni yetu ni tano, saba, tano. Nikaunyoosha bila kumuuliza:

*Ndala mbili nje;*
*mama anafagia,*
*azizunguka.*

Nilijisifu hata. Leela aliposoma alifunga daftari, akalitia mkobani, akarudi kumenya viazi. Tangu hapo ikawa salamu tu, basi.

Ijumaa nilimfuata penye kabati la aproni, nikamuuliza nimefanya nini.

"Dada, hizo ndala zina mwenyewe," alisema. "Baba amefariki mwaka wa nne huu. Mama hataki ziondolewe. Wewe umezifanya za yeyote."

Nilimwomba radhi, nikamwomba aje kwangu Jumapili na daftari.

Leo amekuja kwangu Hallonbergen na daftari. Nimeuandika upya ubeti wake mbele ya macho yake, silabi zake zote. Kisha ikawa zamu yangu. Niliogopa, maana nikikosea tena mchezo wetu umekwisha. Nimeandika:

*Mvua yakata;*
*jirani azifuta,*
*azirudisha.*

Amesoma mara mbili. Akasema mama yake angemkaripia sana jirani huyo, kisha angempa chai.

Halafu akavuta daftari upande wake, akaanza kutafuta ubeti unaofuata.

Nitanakili kama ninavyopewa. Lakini najiuliza: ni mambo ya watu wangapi nimeyanyoosha, nao wakaninyamazia?