Kapime Kwanza, Ndipo Urudi

Mlingotini

Mume wangu Muhidini,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Mwani wangu umestawi, na mguu wa mama yako umepoa, anakusalimu. Nimeamua kukuandikia kwa kuwa kwenye simu ungenikatia.

Ulipokuja Idi nilikuomba utumie kondomu. Ulicheka, ukasema mke wa ndoa havaliwi mpira. Uliporudi Dodoma nikaanza kuungua kila nikienda haja ndogo, na uchafu ukawa unanitoka. Mama yako akasema ni chango, akanichemshia mizizi. Nilikunywa kwa kumheshimu, lakini maumivu yalizidi. Nikaingiwa na hofu kuwa ni ukimwi, hata chakula kikanishinda.

Nikaenda zahanati peke yangu. Ni kisonono. Virusi havikuonekana, ila nitarudia kipimo. Nimechomwa sindano na sasa nimepona. Nesi akanionya, "Mwenzio asipotibiwa, utaugua tena."

Mama yako alinisihi, "Usimwandikie, mwanangu. Utamvunjia heshima."

Nikamjibu, "Mama, mimi sijatoka nje ya ndoa. Heshima kaivunja mwenyewe."

Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Basi mwambie na mimi najua."

Kapime, utibiwe, ndipo urudi. Ukija hivyo hivyo, chakula utakikuta, lakini utalala kwa mama yako. Ameshakutandikia mkeka.

Mkeo mpaka sasa,
Chausiku