Mtoto Namba Arobaini na Saba

12 Februari

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe na cherehani yako? Mgongo umepoa? Na mwanao, Chiriku wangu, bado anaongea mpaka usingizini? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza, kwa raha tu.

Dada, ndoa tamu! Najua utasema wiki tano bado changa, ngoja nizoee. Sizoei. Nikiamka namkuta ameshaamka, ananitazama. Nikimuuliza anatazama nini, ananijibu, "Nahakikisha kama ni kweli." Niambie, moyo usiyeyuke kwa nini?

Tumepewa nyumba ya wafanyakazi wa taasisi, ghorofa ya tatu. Bomba linatoa maji saa zote, na sakafu ni ya vigae, nikipiga deki najiona sura. Mapazia uliyonishonea yanafika chini kabisa kama nguo ya malkia. Kila mgeni anauliza fundi ni nani, nami najibu kwa kidevu juu: dada yangu.

Halafu Profesa wangu amenipa kazi ofisini kwake. Naingiza fomu za utafiti kwenye kompyuta, ule ule utafiti wa mtaani kwetu: watoto mia moja na ishirini, miaka minne, damu kidogo kila miezi mitatu. Unakumbuka siku ya kwanza alipokuja kwako? Mimi nimempakata Chiriku, yeye ameshika sindano, mtoto analia, na sisi wawili tunatazamana kama hatusikii. Wenzangu wanasema walikutana kwenye sherehe. Mimi nilipatikana kwenye utafiti!

Mbusu Chiriku mashavu yote mawili.

Mdogo wako, bibi harusi

*

27 Februari

Mdogo wangu, mke wa profesa,

Salamu zako zimefika na manukato yake. Jirani yangu muuza mkaa ameinusa bahasha akauliza kama nina mchumba. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule, na wewe nakuona huna ugonjwa ila mmoja.

Lakini nina neno nawe. Jumapili mlipokuja, umekaa kwenye kiti changu umekumbatia chupa yako ya maji mliyokuja nayo, chai yangu imepoa mbele yako, chakula hukugusa. Maji ya kisima hiki umeyanywa miaka minne, leo yamekuwa na miiba? Nilinyamaza kwa sababu ya shemeji. Ungekuwa peke yako ningekuvua hayo maringo.

Chiriku hayuko sawa. Tumbo linamsokota, hali chakula, na maneno yamempungua. Anaanza sentensi, anasimama katikati, ananitazama nimalizie. Mwalimu ameniita. Eti herufi alizozijua mwaka jana mwaka huu hazijui. Nikamwambia mtoto hasahau kama mzee. Akasema, "Mama, huyu anasahau."

Shemeji anamchukua damu kila miezi mitatu na majibu sijayaona hata siku moja. Muulize basi.

Habari njema ni kwamba nimepata kazi shule ya bweni, ya kushona sare. Kuna na chumba, ndani ya uzio wa shule, mbali na huu moshi wa hawa wayeyusha betri nyuma ya ua wetu. Nahamia mwezi wa nne, tarehe moja. Nimeshaanza kukunja vitambaa.

Dada yako

*

9 Machi

Dada yangu wa pekee,

Hujambo? Chiriku hajambo leo? Mimi mzima, ila nilipoisoma barua yako nililia, kisha nikacheka. Maringo, mimi? Dada, ni mume wangu! Ananidekeza mpaka aibu. Alinikataza nisile wala nisinywe huko, eti tumbo langu limezoea maji ya bomba. Tuliporudi alinivua viatu nje ya mlango, akaniosha miguu kwa mikono yake mwenyewe, na gauni langu akaliloweka kwenye beseni la peke yake. Profesa mzima amepiga magoti ananisugua kisigino! Wanaume wa namna hii walikuwa wapi siku zote?

Majibu nimeyauliza. Amesema Chiriku yuko juu kidogo, si jambo la kukukosesha usingizi, na wote wenye kuhitaji dawa watapewa pamoja mwisho wa utafiti. Mwisho wenyewe si mbali, ni Septemba.

Sasa sikiliza ombi langu. Siku ya harusi ulinikumbatia ukasema zawadi hujaleta, nichague mwenyewe ninachotaka. Nimechagua. Usihame mpaka Septemba. Mtoto akihama mtaa anatolewa kwenye hesabu, na Chiriku ni mmoja wa wale wanaotegemewa sana, kwa sababu hajakosa hata ziara moja tangu mwanzo. Mume wangu hakunituma. Nilimwona tu ameshika kichwa aliposikia mnahama, akasema, "Basi, namba arobaini na saba imekwenda." Sijawahi kumwona na sura ile. Dada, sikuweza kuvumilia.

Ni miezi sita tu. Vyumba vipo. Nifanyie hilo, sitaomba tena.

Mdogo wako akupendaye

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Sisi tunasukuma siku.

Nimefanya ulivyotaka. Mkuu wa shule amemweka fundi mwingine, na chumba amempa huyo. Nilimweleza ni mambo ya familia, akaniambia kila mtu ana familia. Si kwamba nimefurahi. Lakini wewe ndiye nimekulea, ukiomba kitu kwa sauti ile mimi sijui kukataa, na shemeji ni msomi, angejua kama kuna ubaya.

Chiriku ameanza kukojoa kitandani. Ana miaka sita na nusu. Namwambia ameona aibu kuwa mkubwa, anacheka, lakini anacheka kwa kuchelewa.

Niandikie basi majibu yake kwa namba, hata kama sitaelewa.

Dada yako

*

14 Julai

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Barua zangu mbili hujajibu na simu yako haipokelewi.

Jana Chiriku ameanguka darasani. Amekakamaa, macho yamegeuka, povu. Mwalimu alimtia kijiko cha mbao mdomoni, jino moja likavunjika. Kliniki wamesema ni degedege la homa. Hakuwa na homa, mimi ndiye niliyembeba mpaka huko.

Muulize shemeji, neno moja tu. Hii damu anayoichukua inasema nini? Nitamwandikia mwenyewe ukinipa anwani ya ofisini kwake.

Dada yako

*

2 Desemba

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Poleni na yote. Najua una haki ya kuninunia. Barua zako zote nilizipata, nikazisoma, nikazibusu, nikazitia kwenye droo. Mume wangu alinisihi nisiwasiliane na mtaani mpaka ziara ya mwisho ipite na jarida litoke, kwa sababu neno moja likivuja watu wangehama wote, na miaka minne ya kazi ingekuwa bure. Niliteseka mimi! Lakini sasa imekwisha, naweza kukuandikia kwa moyo mweupe.

Dada, tumeshinda! Utafiti umetoka kwenye jarida ambalo wasomi wa dunia nzima wanalisoma. Wiki iliyopita alituzwa, ukumbi umejaa, mawaziri watatu, watu wamesimama wakipiga makofi. Nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea. Alipopanda jukwaani alinitafuta kwa macho kwanza, kisha ndiyo akaanza kusoma. Sijui niliwahi kuwa na furaha ya namna ile, sijui.

Wamesema wazi kwamba moshi na vumbi la ile karakana ya betri lina madini ya risasi, na yameingia mpaka kwenye kisima, kwenye damu ya watoto, kwenye akili zao. Serikali imeamua karakana zote za namna ile zifungwe, nchi nzima. Fikiria ni watoto wangapi wataokoka! Mume wangu alisema jukwaani, "Tunawashukuru wakazi wa mtaa kwa uvumilivu wao." Nilijua anamaanisha wewe. Nilitoa machozi.

Nakutumia ukurasa wenyewe uutundike ukutani. Dawa zitaletwa, fedha zake zinaombwa sasa.

Mdogo wako mwenye fahari

*

20 Desemba

Kwako,

Nimepata ukurasa. Sikuutundika. Nimeupeleka kliniki, kwa nesi wa zamu, nikamwomba anisomee kama mtu anayesomewa hati ya kesi.

Pana mchoro wenye mistari mingi ya kijivu na mmoja mwekundu unaopanda kuliko yote. Chini yake wameandika mtoto namba 47. Kadi ya utafiti iko nyuma ya mlango wangu, nimeipangusa vumbi kila Jumamosi. Nesi akaniuliza, "Mama, huyu unamjua?" Nikamwambia ni wangu.

Akanionyesha kwa kalamu. Risasi kwenye damu inatakiwa isifike tano. Ziara ya kwanza ni tisa. Mwaka wa pili kumi na nane. Machi mwaka huu, thelathini na moja. Septemba, sabini na tatu.

Machi ni mwezi ulioniomba zawadi. Aliyeziandika namba hizo kwenye kompyuta ni wewe. Kwa hiyo uliiona thelathini na moja kwa macho yako, ukakaa chini ukaniandikia "juu kidogo". Na sabini na tatu je? Uliiandika kwa vidole gani? Barua yangu ya Julai ilikuwa kwenye droo umeshaibusu.

Nimeelewa na miguu yako sasa. Alijua mpaka vumbi lililonasa kwenye kisigino chako. Alikuosha wewe. Mwanangu alilala kwenye vumbi hilo hilo, na wewe ukaniandikia kwa kicheko.

Daktari wa hospitali kubwa amemwona. Dawa ameanza, itatoa kilichomo kwenye damu. Kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi. Amesema kama angeondolewa pale Machi, angekuwa mtoto mwingine. Nilimwuliza mtoto gani. Akasema, "Yule uliyekuwa naye."

Anakutaja wakati mwingine. Anasema, "Mama mdogo, mama mdogo," kisha hajui aendelee na nini.

Mapazia yangu yarudishe, au yachane. Nimehama. Sikuambii wapi. Usinipigie, na usinitumie mtu.

Mama yake Chiriku

*

3 Januari

Dada, dada yangu,

Naiacha barua hii kwa muuza mkaa, amekubali kukufikishia ukipita. Hakutaka kuniambia mlikokwenda. Alinitazama vibaya mno, sijui umemwambia nini.

Hujambo? Chiriku anaendeleaje na dawa? Zinamchefua? Mimi sili, silali. Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Una haki, kila neno una haki. Niliona namba ile Machi. Niliiona, nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikarudi. Mume wangu alikuwa ameniletea kikombe cha chai mezani na kando yake ameniandikia, "Kwa macho mazuri yanayochoka kwa ajili yangu." Nikaendelea na namba arobaini na nane. Sina maelezo mengine. Nilimpenda, dada. Nampenda.

Alipoisoma barua yako alisukuma kando sahani ya chakula. Usidhani hana moyo. Aliniambia, "Mwambie dada yako kwamba mstari ule ndio uliofunga karakana." Yaani bila Chiriku waziri asingeamini. Nilitaka ujue hilo, labda siku moja litakupoza.

Kuna jambo moja zaidi, na nakuomba usichane barua kabla ya kufika mwisho. Wamempa utafiti wa pili, juu ya watoto waliokwisha kutoka kwenye sumu, kuona nini kinarudi na nini hakirudi. Mtoto aliyehama na kupewa dawa, ambaye damu yake inajulikana tangu alipokuwa na miaka mitatu, yuko mmoja tu. Ni nesi ataletwa, na gari, hatakaa hata robo saa. Safari hii majibu mtapewa, ameniahidi, nikamwapisha.

Nimejitolea kuingiza fomu hizo mwenyewe ili awe mikononi mwa ndugu.

Huhitaji hata kunisamehe. Niandikie tu mtaa na namba ya nyumba.

Mama mdogo