Mwajuma Kapata Chuo, Dada

Dada Zuhura,

Leo mdogo wako nina habari. Bongo nzima hakuna mwenye nyota kama yangu. Mimi nikigusa mlango, unafunguka. Nimemwingiza mwanao chuo! Mwajuma anasomea fiziotherapia, yale mazoezi aliyokuwa anakufanyisha yule kijana wa hospitali ulipopata kiharusi. Nilivaa shati langu la Idi, nikaongea maneno mawili matatu, karani mwenyewe akasimama, nafasi ikapatikana. Kariakoo nzima inajua. Nimewaambia mimi.

Duka letu la vitenge lipo palepale. Kiti chako hakikaliwi. Mteja akitaka kukikalia, Mwajuma anamletea stuli haraka, anajifanya kiti kina mguu mbovu. Mzee Jayanti wa duka la pili bado anashangaa bei zangu: "Dada yako angekuchapa, Shabani."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mwajuma alikuwa amefaulu Biolojia na Kemia. Fizikia alijipenyeza tu. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikawa mshauri. Nikamwambia, "Soma famasia. Ukimaliza unafungua duka la dawa, watu wanaumwa kila siku, wateja hawaishi."

Akasema, "Mjomba, mimi nataka fiziotherapia."

Nikacheka. "Usome miaka mitatu kunyoosha watu viungo? Mbona kinyozi wa mtaa wa Gerezani anakuvunja shingo bure ukishanyoa?"

Yeye hakucheka. Akaenda kabatini akaleta kile kitenge cha bluu.

Unakikumbuka, Dada. Mkono wako wa kulia ulikuwa umelala kama umeazimwa. Yule kijana alikuwa anakuwekea kitenge mapajani: "Mama, tukunje tena." Akiondoka, Mwajuma anaendelea. Wiki kwa wiki. Mpaka siku ile ukakikunja chote, peke yako, kuanzia adhana ya adhuhuri mpaka ya alasiri. Mimi nikapiga vigelegele, mwanaume mzima. Na wewe ukakitazama ukasema, "Kona hii imepinda. Narudia."

Mwajuma hajakikunjua hadi leo. Alikiweka mbele yangu. Na mimi nikakubali bila ubishi. Unanijua, kwangu huo ni ugonjwa.

Basi tukaenda chuoni. Zilibaki siku mbili maombi yafungwe. Karani, mama mmoja wa miwani, akasema nafasi za fiziotherapia ni chache, na ada ndiyo hiyo ukutani. Sasa Dada, mimi miaka yote ni mtu wa sokoni. Nikaguna. Nikamwambia, "Mama, nipe ya mwisho." Akasema, "Hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho, baba."

Nikafanya ulivyonifundisha. Nikamshika Mwajuma mkono, tukageuka, tukatembea polepole tukisubiri kuitwa. Dada, tulifika getini. Tukavuka barabara. Tukasimama kituoni, mimi nageuza shingo tu. Hakuita mtu! Mwajuma kaikumbatia bahasha ya vyeti, machozi yanamtoka kimya kimya.

Hapo ndipo nilipokuwaza sana. Ulinitoa Buguruni nikiuza maji barabarani, ukanipa mkasi na futi, ukaniambia, "Kata. Ukiharibu, tutauza kama kitambaa cha mto." Hukunicheka mbele za watu hata siku moja. Hata ulipokuwa huwezi kushika kikombe ulikuwa unaniuliza mimi kama nimekula. Asante, Dada. Nilikuwa nayo siku zote hii asante, nikawa naiweka nyuma ya utani. Na yule kijana wa hospitali namshukuru pia, nikikutana naye namkatia kitenge cha mama yake.

Sasa nenda salama, Dada yangu, Mungu akupumzishe pema. Nakuahidi Mwajuma atamaliza. Ada ni juu yangu, na siku ya kumaliza kiti chako nitakibeba mwenyewe hadi chuoni, nikiweke mbele.

Na kila nilipokuwa nikikusimulia jambo, ulikuwa unasema, "Shabani, punguza chumvi nile." Haya, napunguza.

Sikumwingiza mimi. Pale kituoni niliona aibu kurudi ndani. Nikapanda basi, nikamwambia mtoto chuo chenyewe hakina maana, asome famasia tu. Asubuhi yake akatoka bila kuniaga, kitenge chako kwapani. Akaenda kwa yule karani, akampa shikamoo, akamweleza ulivyokikunja. Akapewa fomu, akaijaza mwenyewe. Jioni akaniletea ile fomu nisaini kama mlezi, nikasaini.

Mimi sikufungua mlango wowote, Dada. Nilikuwa nimeufunga.

Mdogo wako,
Shabani