Kiwambo cha Pampu ya Zahanati

Jumatatu, 4 Machi
Wamemrudisha. Saa nne asubuhi teksi imesimama mbele ya karakana. Bi Mdogo kashuka wa kwanza, halafu dereva akamtoa mume wangu kwa kumkumbatia, kama mtu anayeshusha gunia. Miaka mitatu tangu aondoke na sanduku — karudi na mfuko wa plastiki. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umekwenda kando. Kusema hasemi. Kiharusi, wiki ya sita sasa.

Bi Mdogo hakuvuka kizingiti. Kasema chumba chake kiko ghorofani, mtoto bado mdogo, yeye anashinda kazini. Na kwamba mimi ndiye mke wa ndoa. Hilo la mwisho kalisema akitazama viatu vyake.

Nikasema haya, mlazeni pale kwenye kochi.

Nilidhani nitalia, au nitatukana angalau. Wapi! Nilikuwa na raba za miguu ya magongo mkononi, nazipunguza kingo kwa mkasi. Nikamaliza zote kumi na mbili.

Jumanne, 5 Machi
Namlisha supu kwa kijiko. Namgeuza. Namfuta. Namvalisha. Kama namhudumia mgeni wa jirani.

Wifi kaja, kaanza kulia tangu barabarani. Eti Mungu atanilipa. Eti tusihesabiane makosa, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Nikamwambia kweli, wifi, ila kimoja kilihama kabati. Akacheka huku analia, akajishika mdomo, akamtazama kaka yake kama ameiba kitu.

Mchana, fundi pampu. Ile pampu ya zahanati imekufa — kiwambo kimechanika, ile sahani ya raba inayopanda na kushuka kuvuta maji. Kipya mpaka kiagizwe, miezi miwili. Wakati huo huo wodi ya wazazi haina tone, ndugu wa wagonjwa wanabeba ndoo kutoka shuleni. Akaniwekea kile kilichochanika mezani. Jicho lake linakimbilia kwenye kochi.

"Mama, hivi alikuwa anatengeneza mzee mwenyewe, si ndiyo?"

"Nitatengeneza mimi."

Nimesema tu. Miaka hii mitatu nimemimina raba za magongo, za milango ya friji, za vifuniko vya mapipa. Kiwambo sijawahi. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuandika kitu mahali. Yote kichwani. Kichwa chenyewe ndicho kile.

Ijumaa, 8 Machi
Kalibu, lile umbo la kumiminia raba, nilitengeneza Jumatano. Nimeziba kwa gundi mpasuko wa kiwambo cha zamani, nikakilaza kwenye udongo laini ndani ya kisanduku cha mbao, nikamwaga plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji, nusu ya chini. Ilipoganda, mafuta ya mgando, halafu nusu ya juu. Imeachana vizuri, hata alama ya kidole changu imetoka. Jana nikaipaka nta, nikapima raba ya kumimina, ile ya makopo mawili, kwenye mizani ya jikoni, kopo la kwanza na la pili sawasawa, nikakoroga, nikamimina.

Leo nimefungua. Mkate! Vipovu kila mahali. Ukibonyeza unapumua.

Yeye alikuwa ananiangalia kutoka kwenye kochi. Akatoa sauti. Nadhani alicheka. Sikukasirika. Nimeutupa mkate, nimemgeuza upande.

Jumapili, 10 Machi
Cha pili. Safari hii nilikoroga polepole, maana niliona hewa naiingiza mimi mwenyewe. Nikamimina kwa uzi mwembamba, nikagongagonga meza vipovu vipande juu. Nilipofungua — vilevile. Vichache kidogo tu.

Fundi pampu akasema bora nusu shari kuliko shari kamili, akakichukua. Kimevuta maji dakika arobaini, kikapasuka. Karudi nacho mfukoni, hana hata nguvu ya kulaumu. Anasema leo kamezaliwa katoto kule, maji ya kukaogesha yakasubiriwa saa nzima, kamelia mpaka kakachoka.

Nikamwambia nitajaribu tena. Akaitikia ndiyo mama, kwa ile sauti ya kumwitikia mtoto.

Jumanne, 12 Machi
Mume wangu kapiga ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikamletea chombo cha haja. Akakisukuma. Maji? Hapana. Akapiga tena. Ananyoosha kidole kwenye meza ya kazi. Nikagusa mkasi, hapana, makopo, hapana. Kalibu — akafumba jicho. Ndiyo.

Nikampakatisha zile nusu mbili. Akainua moja kwa taabu, akailaza shavuni. Shavu la kushoto, lililo hai. Akatulia. Halafu akaninyooshea.

Nikaiweka shavuni kwangu. Baridi. Baridi ya mtungi.

Kumbe! Juu imekauka, nyeupe, ukiigusa kwa mkono utaapa ni kavu. Ndani imejaa maji. Na hii raba na maji haviivi chungu kimoja, vikikutana inafura. Ndiyo vipovu vyote vile. Si mkorogo wangu.

Miaka ishirini na mbili nimemwona mtu huyu amekaa na plasta shavuni, macho kayafumba. Nilidhani anasinzia. Nilikuwa namsema.

Shavu lake lilibaki na unga mweupe. Langu pia, nimeona kwenye kioo. Nilimfuta baada ya muda. Sijui kwa nini sikumfuta pale pale.

Jumatano, 13 Machi
Kalibu juani kutwa. Shavuni: baridi.

Alhamisi, 14 Machi
Juani tena, juu ya bati. Saa saba, bado. Saa kumi, nikampelekea yeye. Akaisikiliza, akatikisa kichwa — bado. Mimi nilikuwa nimeshaona iko sawa. Nikairudisha juani.

Ijumaa, 15 Machi
Asubuhi na mapema ilikuwa vuguvugu. Tulikubaliana. Nta, mafuta, nikamimina. Raba hii ya haraka, alasiri ikawa tayari.

Hakuna kipovu. Hata kimoja! Nimekikunja mara mbili, nikakiachia, kikarudi sahani. Nimekivuta na kukibana kwa koleo. Kiko vilevile. Nikakiweka kwenye kiganja chake, akapitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mzima, akanirudishia.

Saa kumi na mbili fundi pampu kapiga simu, anapiga kelele sielewi kitu, mpaka nikasikia maji yanaangukia tangini. Wifi alikuwepo, akapiga vigelegele.

Nikaenda kwenye kochi. Nikasema, maji yamepanda.

Machozi yakamtoka. Daktari alisema wenye kiharusi hulia hata bila sababu. Nimemfuta. Nimeosha vyombo.

Jumamosi, 16 Machi
Zahanati wanataka cha akiba. Saa tano nilikuwa nimeshachanganya makopo, nakoroga, ndipo Bi Mdogo akaingia. Hakubisha hodi. Kakonda.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Subiri, hii ikishachanganywa ina dakika kumi tu."

Hakusubiri. Kapata chumba cha chini, hakina ngazi. Mama yake atakaa na mtoto. Anasema alichanganyikiwa siku ile, halali, mtoto anamuulizia baba. Amekuja kumchukua.

"Huyu si sahani ya kuazimana," nikasema.

"Najua."

"Mlimleta bila kuniuliza."

"Najua, dada." Halafu kwa sauti ndogo: "Anajua nimekuja?"

Kwenye kochi, alikolala akitazama ukuta, sauti nzito, iliyokwaruza, ikasema:

"Mama!"

Neno la kwanza kwa wiki nane.

"Abee!" — tumeitika sote wawili, kwa pamoja.

Tukatazamana. Mimi ananiita Mama tangu mtoto wetu wa kwanza. Yeye naye ana mtoto wake. Hakuthubutu kupiga hatua. Na mimi miguu ikagoma, mimi niliyemgeuza na kumfuta wiki mbili nzima. Raba ikawa nzito kijitini. Sasa imeganda ndani ya kikombe, kijiti kimesimama wima chenyewe.

Yeye kakaa kizingitini. Mimi niko mezani, naandika, ili mikono iwe na kazi.

Ameita tena. Safari hii hakuna aliyeitika.