Ukuta Wenye Tetekuwanga

Shosti, acha ulichoshika usome. Mama yangu kaja leo, na ukuta wa mbele umevimba malengelenge.

Ule ukuta. Fundi rangi alimwambia mume wangu, "Mzee, hapa jua linapiga kutwa na plasta bado mbichi. Paka rangi ya maji, inapumua. Ya mafuta itavimba." Bwana mkubwa akajibu rangi ya maji ni ya madarasa ya chekechea.

Basi mama, nesi mstaafu, kavaa miwani, kaugusa.

"Huu ukuta una tetekuwanga tangu lini?"

Tetekuwanga, shosti. Kwa sauti ya wodini. Mkwewe anaangalia viatu vyake.

Kawageukia wanangu: "Msitumbue, itaacha makovu." Washatumbua nusu kwa pini zangu za nywele.

Mume wangu kanivuta jikoni, ananibembeleza nimpigie fundi, niseme ya mafuta nilichagua mimi. Nikamwonea huruma, nikapiga.

Fundi kanisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe kweli, mama. Mzee kanipigia asubuhi, kasema ulimlazimisha mpaka ukalia. Nikamwambia siji mpaka nisikie kwako."

Mpaka nikalia.

Nimewanyang'anya watoto pini. Namtafuta mgonjwa mwenyewe.